Kutu hula bomba pale jicho lisipofika: maswali yenu na majibu

Toleo lililopita niligusia tu kidogo kwamba bomba la chuma ukilizika ardhini bila ulinzi linaanza kuliwa siku hiyo hiyo, basi meseji zikamiminika, nyingine nzito kwelikweli. Nimechagua chache ambazo naona zitasaidia wengi, zilizobaki tutazifikia taratibu.

SWALI: Shikamoo dada injinia. Niko Somanga, Kilwa. Mkuza wa bomba la gesi, yaani ile njia iliyotengwa kwa ajili ya bomba, unapita nyuma ya shamba letu na kuna vinguzo vimesimama kila baada ya mwendo fulani, ukifungua ndani kuna nyaya. Kuna vijana wamefungua kimoja wakakata waya wakauza kwenye vyuma chakavu. Wanasema gesi haijavuja kwa hiyo hakuna shida. Ni kweli? Na zile nyaya zina shoti?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Shida ipo tena kubwa, ila haitaonekana leo wala kesho ndo maana vijana wanajidanganya.

Hilo bomba ni la inchi 36, linatoka Mtwara mpaka Dar es Salaam, kilomita mia tano hivi, na hapo kwenu Somanga ndipo linapokutana na lile linaloleta gesi ya Songo Songo kupitia baharini. Ni chuma. Na chuma kikikaa kwenye udongo wenye unyevu na chumvichumvi kinaanza kupitisha umeme mdogo chenyewe, yaani sehemu moja ya bomba inatoa mkondo unaingia kwenye udongo, sehemu nyingine ya bomba hilo hilo inaupokea, na pale mkondo unapotokea ndipo chuma kinapoondoka nao. Ampea 1 tu ikitoka kwenye chuma mwaka mzima inaondoka na kilo 9 hivi za chuma! Sasa ukuta wa bomba wenyewe ni milimita kadhaa tu, piga hesabu hizo kilo zikitoka sehemu moja ndogo.

Ulinzi wa kwanza ni koti, kwa mabomba ya siku hizi mara nyingi ni epoksi chini, gundi katikati, plastiki nene juu. Koti zuri linafanya kazi kubwa sana lakini hakuna koti la kilomita mia tano lisilo na kidonda, jiwe limelichubua wakati wa kufukia, au pale mabomba mawili yalipochomelewa mafundi waliharakisha kufunga mkanda, au ekskaveta ya mtu imeligusa akanyamaza. Na usidhani kidonda kimoja kwenye koti zuri ni kitu kidogo, maana bila ulinzi mwingine kutu yote inajikusanya hapo inatoboa haraka. Kwa hiyo ulinzi wa pili ni umeme. Kuna mashine inabadilisha umeme wa kawaida kuwa wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, upande mmoja wa waya unaunganishwa na bomba, mwingine unaenda kwenye anodi, yaani vipande vya kutolea mkondo, zilizozikwa mbali kidogo, hapo mkondo unatoka kwenye anodi unapita kwenye udongo unaingia kwenye bomba pale penye vidonda, na kinacholiwa ni anodi, bomba linapona. Sehemu nyingine hawaweki mashine, wanazika vipande vya magnesiamu au zinki ambavyo vinajitoa vyenyewe vikaliwa. Mabaharia wa Mombasa na Zanzibar wanavijua vizuri vile vipande vya zinki vinavyofungwa kwenye tumbo la meli, kazi ni hiyo hiyo, na asili yake ni ya zamani mno, mwanasayansi Humphry Davy alishaionyesha kwenye meli za jeshi la majini la Uingereza mwaka 1824.

Sasa utajuaje umeme huo unafika? Ndo kazi ya hivyo vinguzo. Fundi anafika, anafungua kifuniko, anamwaga maji kidogo pale chini udongo ulowane, halafu anasimamisha juu yake kikopo cha plastiki chenye maji ya bluu ya salfeti ya shaba na kijiti cha shaba kimezama ndani, kitako cha kikopo kinapitisha unyevu kidogokidogo. Waya mmoja wa multimita kwenye kikopo, mwingine kwenye waya wa kinguzo unaoshuka mpaka kwenye bomba. Anasubiri namba itulie. Anatafuta angalau volti 0.85 upande wa hasi, kipimo ambacho kilianza na Robert Kuhn kule New Orleans miaka ya 1920 na mpaka leo dunia nzima inakitumia. Fundi makini haridhiki na namba ya kwanza, anasoma tena sekunde ile ile mkondo unapozimwa, maana ukiwa umewashwa namba inajipamba.

Waya ukikatwa hapo hakuna kipimo. Ulinzi ukifa kwenye kipande hicho, labda anodi zimeisha au kebo imekatika mbele huko, hakuna atakayejua mpaka chuma kiwe kimeshaliwa. Na kuna vinguzo vingine waya wake ndo unaounganisha anodi na bomba, ukikata huo umezima ulinzi palepale. Kuhusu shoti, kwa kawaida umeme wake ni mdogo, lakini pale bomba linapokwenda sambamba na laini kubwa za gridi linaweza kubeba umeme wa kuambukizwa unaodhuru mtu, kwa hiyo usishike. Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa mlinzi wa mkuza umwambie kinguzo kipi kimekatwa, hata kama hutaki kutaja nani, hilo la nani liache, muhimu kirudishiwe waya.

SWALI: Assalaam alaykum. Nipo Muscat, asili yetu Unguja. Nafanya kazi kwa mkandarasi wa mabomba huko jangwani. Kila mtu anaogopa kutu ya nje lakini mimi naona tunabadilisha mabomba yaliyooza kwa ndani. Mafuta si yanatakiwa kukilinda chuma? Na jangwani hakuna hata mvua.

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Mafuta yenyewe hayana ubaya na chuma. Mbaya ni maji yanayotoka nayo kisimani, na visima vikizeeka maji yanazidi mpaka unakuta unachosafirisha ni maji mengi yenye mafuta kidogo. Maji hayo yana chumvi, yana kaboni dayoksaidi inayoyageuza kuwa asidi, sehemu nyingine yana haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza ambayo mbali na kula chuma inakifanya kiwe rahisi kupasuka na kwa binadamu ni sumu ya kuua. Mvua ya nje haihusiki kabisa.

Mwendo wa mafuta ukiwa wa kasi maji yanachanganyika yanapita. Ukipungua, maji yanashuka yanalala kwenye sakafu ya bomba kwa ndani, mchanga na tope vinalala nayo, na chini ya lile tope bakteria wasiotaka hewa wanazaliana na kutoa hiyo haidrojeni salfaidi wao wenyewe. Kemikali ya kuzuia kutu unayopampu kila siku inapita juu ya tope, haifiki kwenye chuma. Ndo maana nawaambia vijana kila siku, safisha kwanza ndo uweke kemikali. Kusafisha kwenyewe ni kupitisha pigi, lile dude lenye diski za mpira linalosukumwa na mafuta yenyewe kutoka stesheni mpaka stesheni likikwangua njiani. Fungua mtego wa upande wa pili, pale pigi inapopokelewa, uangalie limetoka na nini, lile tope usilimwage tu, peleka maabara. Mi naamini tope la pigi linakwambia hali ya bomba kuliko ripoti ya kurasa mia.

Alaska, Prudhoe Bay, Machi 2006, bomba la inchi 34 la BP lilitoboka kwa kutu ya ndani, tundu dogo lisilofika hata ncha ya kidole, mafuta zaidi ya galoni 200,000 yakamwagika chini ya theluji kabla mtu hajagundua. Hilo bomba lilikuwa halijapitishwa pigi tangu 1998. Uzalishaji ulikuwa umeshuka, mwendo umepungua, tope limekaa, ni hayo hayo niliyokueleza. Agosti mwaka huo huo wakakuta upande wa mashariki nao umeliwa, huko pigi ya mwisho ilikuwa 1992, ikabidi waanze kufunga kisima baada ya kisima. Mwaka 2007 kampuni ikakiri kosa mahakamani na kulipa dola milioni 20.

Na wa gesi wasijione wako salama kwa sababu gesi ni kavu. Tarehe 19 Agosti 2000 karibu na Carlsbad, New Mexico, bomba la gesi la inchi 30 lililojengwa 1950 lilipasuka alfajiri, na familia iliyokuwa imepiga kambi chini ya daraja kando ya mto Pecos ikaungua, watu 12 wote wakafariki, wakiwemo watoto. Wachunguzi walikuta pale lilipopasuka ukuta umeliwa kwa ndani mpaka asilimia 72. Kulikuwa na sehemu ya chini ambayo maji yalikuwa yanatuama, na kipande hicho kilijengwa kwa namna ambayo pigi haiwezi kupita. Miaka hamsini hakuna aliyewahi kuona ndani yake. Kila nikisoma ile ripoti naumia, kwa sababu hakukuwa na siri yoyote pale, maji yanatuama bondeni, hilo kila mtu anajua, palihitajika mtu wa kuuliza bondeni kwetu ni wapi na tunapaangaliaje.

Kwa hiyo huko kwenu ndugu yangu waulize wakubwa zako: gesi inakaushwa kwa glaikoli, kile kimiminika kinachonyonya unyevu, mpaka kiwango gani kabla ya kuingia bombani, vipande vya chuma vya majaribio vimewekwa juu ya bomba au chini kunakolala maji (nimekuta sehemu vimewekwa juu kabisa vinang'aa kila mwaka halafu watu wanafurahi), na mabomba gani hayapiti pigi. Hiyo orodha ya mwisho ndo ya kukunyima usingizi.

SWALI: Habari dada. Mimi ni mkazi wa Tanga. Bomba la kutoka Hoima Uganda mpaka Chongoleani huku kwetu tunaambiwa limefunikwa na povu na plastiki nje ili mafuta yasigande. Nafikiri hapo kutu haiwezi kuingia kabisa, au nakosea?

JIBU: Nzuri kaka. Ni bomba la kilomita 1,443, inchi 24, mafuta ya kule Ziwa Albert yana nta nyingi yakipoa yanakuwa mazito hayaendi, ndo maana linapashwa moto na kufunikwa, kazi ya kufunika ilifanyika kiwanda cha Sojo huko Tabora. Povu kazi yake ni joto. Ulinzi wa chuma ni epoksi iliyo chini ya povu, pamoja na ufundi wa kufunga maungio ili maji yasiingie.

Ishu ya bomba lililofunikwa ni hii, siku maji yakipenya kwenye ungio moja yanakaa kati ya povu na chuma, kuna joto, hewa inaingia kidogokidogo, ni mazingira ambayo kutu inayapenda kuliko yote. Na ule umeme wa ulinzi niliomweleza wa Somanga unagonga kwenye plastiki ya nje haufiki ndani. Fundi anapima kwenye kinguzo anapata namba nzuri kabisa, kumbe ndani chuma kinaliwa.

Hili limeshatokea. Mei 19, 2015 huko Refugio, Santa Barbara, California, bomba la inchi 24 la kampuni ya Plains All American, nalo lilikuwa limefunikwa kwa ajili ya mafuta mazito ya moto, lilipasuka kwa kutu ya nje iliyojificha chini ya mfuniko, mafuta yakapita kwenye kalvati mpaka baharini, fukwe zikachafuka. Kinachonitisha mimi ni kwamba wiki mbili tu kabla walipitisha pigi yenye vipimo, ile ya kisasa ya sumaku. Ikasoma kidonda kimekula chini ya nusu ya ukuta. Ukweli ulikuwa asilimia 89. Yaani pigi ilipita, ikaliona, ikalikosea ukubwa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba unakosea kidogo, ila usiogope bila sababu. Bomba jipya lina nafasi nzuri kuliko yale ya zamani, tena vifaa na ujuzi umekua. Cha kuangalia ni kama waendeshaji watapitisha pigi za aina zaidi ya moja, na wakiambiwa kuna kidonda wawe wanachimba, wanafungua povu, wanapima kwa mkono na kulinganisha na kile pigi ilichosema. Wakazi wa Tanga, Handeni, Kiteto na kote linakopita mna haki ya kuuliza mmechimba wapi mwaka huu na mmekuta nini. Ulizeni kwenye mikutano, ni swali la kawaida kabisa.

SWALI: Mambo vipi injinia, nipo Kigamboni. Nataka kuvuta maji ya kisima kwa bomba la chuma la kupakwa zinki na njia fupi inakatiza juu ya bomba la mafuta. Nikilaza juu yake kuna neno?

JIBU: Lipo neno kubwa. Usichimbe kwenye mkuza bila kibali, hilo la kwanza, utatoboa kitu usichokijua. La pili, metali mbili tofauti zikigusana kwenye udongo wenye maji zinatengeneza betri na mojawapo italiwa. Guadalajara, Mexico, Aprili 22, 1992, petroli ilivujia kwenye mifereji ya majitaka mitaa ikalipuka, watu zaidi ya 200 wakafa, na uchunguzi ulitaja mabomba mapya ya maji yenye zinki yaliyolazwa karibu mno na bomba la petroli mpaka likatoboka. Tumia bomba la plastiki, na mwone mwenye mkuza akuonyeshe pa kuvukia.

SWALI: Hujambo madam. Nipo Kibwezi, Makueni. Mwaka wa 2015 mafuta yalivuja huku Thange kutoka kwa lile bomba la zamani la Mombasa kwenda Nairobi la 1978, yakaingia kwa mto na visima vya watu, na shida yake haijaisha. Swali langu: bomba hufaa kustaafishwa baada ya miaka mingapi?

JIBU: Sijambo, na poleni sana, mto ukishalowa mafuta maumivu yake ni ya vizazi.

Hakuna mwaka maalum. Lile bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, Zambia, lilianza 1968 na lipo kazini, na kuna mabomba duniani yameoza kabla ya kutimiza miaka kumi. Kinachoamua ni hali ya ukuta na kama kuna anayeipima kweli. Mabomba ya miaka hiyo yana shida yake, koti nyingi zilikuwa za lami au mkanda, zikizeeka zinabanduka, maji yanaingia chini yake na umeme wa ulinzi haufiki vizuri.

Ngoja nikupe hesabu ya mfano tu, ndivyo tunavyofanya kazini. Ukuta milimita 9.5. Pigi ya kwanza inakuta kidonda cha milimita 2, baada ya miaka mitano pigi ya pili inakuta 3. Kidonda kinakua milimita 0.2 kwa mwaka, na sasa kiko asilimia 32 ya ukuta. Pigi za sumaku kwa kawaida zinaweza kukosea asilimia 10 ya unene kwenda juu au chini, kwa hiyo mi nahesabu ni 42. Kanuni zinazotumika sana hazikubali kidonda kilichopita asilimia 80 hata presha iwe ndogo vipi. Kutoka 42 mpaka 80 kwa kasi hiyo ni miaka 18. Mwenye haraka ya kubana matumizi atasema tuna miaka 18. Mi nagawa kwa mbili nasema ndani ya 9 kiwe kimeshachimbwa na kutengenezwa, na pigi nyingine ipite kabla ya hapo, kwa sababu kutu haina adabu ya kukua kwa kasi ile ile, mvua za mwaka mmoja au anodi iliyokufa inabadilisha kila kitu.

Halafu kina peke yake hakitoshi. Tundu la duara dogo huwa linavuja. Kidonda kirefu kinachofuata urefu wa bomba, hata kama si kirefu kwenda ndani, ndo kinachopasua bomba likafunguka lote, kwa hiyo ukiona ripoti inataja kina tu bila urefu irudishe. Matengenezo nayo yapo ya ngazi, kuna kuvisha bomba shati la chuma la vipande viwili linalochomelewa, kuna kufunga kwa nyuzi na gundi ngumu, kuna kukata kipande kizima. Kile kikuku cha bolti kinachofungwa usiku bomba likivuja ni cha dharura, usikubali kikae miaka.

Na jingine la kwenu huko na kwetu pia, wezi wa mafuta. Anayetoboa bomba achote dizeli anachubua koti, anachomelea vibaya, akiondoka anaacha kidonda ambacho hakipo kwenye ramani ya mtu yeyote. Mafuta aliyoiba ni hasara ya siku moja, pale alipochubua kutu inaendelea miaka na miaka.

SWALI: Shikamoo dada. Nasoma ufundi VETA Lindi, nachomelea. Nataka kuingia kwenye hii kazi ya kuzuia kutu. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, umechagua vizuri, watu wa kazi hii ni wachache. Umeme wa DC uujue vizuri, voltimita, ampea, ukinzani, maana nusu ya kazi ni hiyo. Vyeti vinavyotambulika zaidi ni vya AMPP, chama kilichozaliwa 2021 baada ya NACE na SSPC kuungana, kuna cha mpimaji wa ulinzi wa umeme na cha mkaguzi wa rangi na koti, ni ghali kidogo kwa hiyo kwanza tafuta kampuni ikuchukue kama msaidizi wa survei. Kwa kuwa we ni welda una faida, maungio ndo sehemu dhaifu ya kila bomba na wakaguzi wengi hawajawahi kushika mashine. Omba kukaa na timu inayofunga koti za maungio, jifunze kusafisha chuma kwa mchanga mpaka kiwe cheupe, kupima unyevu wa hewa kabla ya kupaka, na kupitisha ile brashi ya umeme inayolia cheche pakiwa na tundu kwenye koti. Ukiikuta inalia, weka alama ya chaki, iandike kwenye fomu, na usiruhusu wafukie hata kama msimamizi anapiga kelele muda umeisha.